PHP, Python au Node.js: lugha ipi ya kuanzia tovuti yenye hifadhidata

Upepo wa kaskazi ukishika, kijiji cha Shela kisiwani Lamu hujaa wageni. Jirani yetu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita huko, na nafasi zote alikuwa akiziandika kwenye daftari la jalada gumu linalokaa juu ya friji. Desemba iliyopita mashua mbili kutoka uwanja wa ndege wa Manda zilifika gatini zikipishana kwa dakika chache, kila moja na familia yake na mizigo yake. Familia zote mbili zilikuwa zimeahidiwa chumba kilekile cha juu, chenye roshani, kwa usiku uleule. Nafasi moja aliiandika mwenye nyumba, ya pili mwanawe, kila mmoja kwenye ukurasa wake.

Kazi ya kuliondoa daftari hilo akapewa mpwa wangu. Anajua HTML na CSS, anaweza kuunda ukurasa ukapendeza, lakini hajawahi kuandika programu inayokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, na kuzungumza na hifadhidata. Akaja barazani baada ya alasiri na swali moja: "Mjomba, nianze na PHP, Python au Node?" Mimi nimefanya kazi za watu kwa zote tatu, hapa Amu, mji wa Lamu, na huko Malindi. Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na yale ambayo jioni ile haikutosha.

Jibu fupi ni hili. Kwa kazi ya aina hii, na kwa mtu anayeanza, chukua PHP pamoja na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Kama tovuti itakuwa na watu wa ofisini wanaoingiza na kurekebisha taarifa kutwa nzima, itazame kwa makini Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python. Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ichukue ikiwa lugha hiyo tayari umeizoea, au ikiwa kurasa zako lazima zibadilike papo hapo mbele ya macho ya mtumiaji. Lakini kuna jambo linalotangulia hizo zote.

Jedwali kwanza

Mgeni akibonyeza kitufe cha kuuliza nafasi, kivinjari chake hutuma ombi kwa seva. Programu iliyo kwenye seva husoma tarehe alizojaza, huiuliza hifadhidata, kisha hutengeneza ukurasa na kumrudishia. Lugha unayoichagua ni ya yule mtu wa katikati tu. Anayeshika ukweli wa nani amelala wapi ni hifadhidata, na yeye husemeshwa kwa SQL, lugha ya kuiuliza na kuiagiza hifadhidata, iwe umeandika PHP, Python au JavaScript.

Kwa hiyo nilimzuia mpwa wangu asiguse lugha yoyote mpaka tumalize jedwali. Tatizo la jirani lilikuwa chumba kimoja kuahidiwa watu wawili. Wengi wanaoanza hujaribu kulizuia kwa programu: wanauliza kwanza kama chumba kiko wazi, wakijibiwa ndiyo, wanaandika nafasi. Kati ya kuuliza na kuandika kuna mwanya mdogo wa muda, na wageni wawili wakibonyeza kwa sekunde moja wote huambiwa chumba kiko wazi, na wote huandikwa. Ni kosa lilelile la daftari, limehamia kwenye kompyuta.

Dawa yake inakaa ndani ya jedwali:

```
CREATE TABLE usiku_uliochukuliwa (
  chumba_id INT NOT NULL,
  tarehe DATE NOT NULL,
  nafasi_id INT NOT NULL,
  PRIMARY KEY (chumba_id, tarehe)
);
```

Mstari wa `PRIMARY KEY` ndio wenye kazi. Unasema kwamba chumba fulani kwa tarehe fulani kinaweza kuandikwa mara moja tu. Mgeni anayeingia tarehe 24 na kutoka tarehe 27 anachukua safu tatu (mistari mitatu ya jedwali), za tarehe 24, 25 na 26. Usiku wa 27 haumhusu. Safu hizo tatu ziandikwe ndani ya muamala mmoja, ili ziingie zote au isiingie hata moja. Akija wa pili kwa tarehe 25, hifadhidata yenyewe inamkatalia, hata kama programu yako ina kasoro, hata kama wamebonyeza pamoja. Ukilielewa jedwali hili, umeshapata nusu ya ujuzi, na utahama nao kutoka lugha hadi lugha.

Swali moja kwa lugha tatu

Sasa tuseme tunataka tarehe zote ambazo chumba fulani kimeshachukuliwa, kuanzia siku fulani. Hivi ndivyo PHP inavyouliza, kwa kutumia PDO, zana yake ya kuzungumza na hifadhidata:

```
$swali = $db->prepare('SELECT tarehe FROM usiku_uliochukuliwa
                       WHERE chumba_id = ? AND tarehe >= ?');
$swali->execute([$chumba, $kuanzia]);
$siku = $swali->fetchAll();
```

Python, kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokuja ndani yake:

```
siku = db.execute('''SELECT tarehe FROM usiku_uliochukuliwa
                     WHERE chumba_id = ? AND tarehe >= ?''',
                  (chumba, kuanzia)).fetchall()
```

Na Node.js, kwa maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya mysql2:

```
const [siku] = await db.execute(
  'SELECT tarehe FROM usiku_uliochukuliwa WHERE chumba_id = ? AND tarehe >= ?',
  [chumba, kuanzia]);
```

Zitazame kwa pamoja. SQL ni ileile. PHP ina alama za dola na mishale. Hukera macho wiki ya kwanza, kisha huzoeleka. Python inasomeka kama maelezo ya kawaida, ila inadai nafasi za mwanzo wa mistari zipangwe sawasawa. Kwenye Node kuna neno dogo *await*, na hilo limewatoa jasho wanafunzi wangu wengi. Ukilisahau, programu haisubiri jibu la hifadhidata. Inaendelea mbele ikiwa imeshika ahadi tupu badala ya data, na mara nyingi kosa linakuja kujitokeza mistari ishirini mbele, mahali pasipo na kosa. Anayeanza hapaswi kupigana na hilo siku ileile anayojifunza SQL.

Neno "ng'ambo" lilivyoangusha fomu

Umeona zile alama za kuuliza ndani ya SQL. Usizipite haraka, maana hapo ndipo tovuti nyingi huvunjiwa mlango.

Mwanafunzi mmoja aliniletea fomu yake akisema inafanya kazi vizuri, ila kuna mgeni mmoja kila akiituma inagoma. Tukatazama alichoandika mgeni kwenye sehemu ya maombi: "Nataka chumba kinachotazama ng'ambo." Mwanafunzi alikuwa akiyaunganisha maneno ya mgeni moja kwa moja ndani ya SQL, na ile alama ya juu katika *ng'* hifadhidata ikaisoma kuwa ndio mwisho wa maandishi. Kilichobaki, *ambo*, ikakiona kama amri isiyoeleweka.

Mgeni yule alikuwa na nia njema. Mwenye nia mbaya angeweka baada ya alama ile amri inayoeleweka, akasoma majina na nambari za pasipoti za wageni wote. Alama ya kuuliza inatenganisha amri na data: SQL inapita njia yake, maneno ya mgeni njia yake, na hakuna alama ndani ya maneno hayo inayoweza kugeuka amri. Sisi lugha yetu imejaa ng'ombe, ng'ambo na kung'aa, kwa hiyo kipimo tunacho mdomoni. Kila fomu unayoitengeneza, ijaribu kwa neno lenye *ng'*. Ikianguka, usiiweke hewani.

Lugha zote tatu zina njia hii salama, ila hazikulindi kwa kiasi kimoja. Django, kupitia mfumo wake wa kuandika maswali, hukutenganishia amri na data bila wewe kufikiria, na maneno ya mgeni yanapooneshwa kwenye ukurasa huyasafisha yenyewe ili yasigeuke msimbo ndani ya kivinjari cha mwingine. Flask, mfumo mwingine wa Python, hufanya hilo la pili kupitia violezo vyake vya kurasa, viitwavyo Jinja. PHP tupu inakutaka ukumbuke mwenyewe kuita `htmlspecialchars`, amri ya kuyasafisha maneno hayo, kila mahali, na kusahau mara moja kunatosha kuleta madhara. Hili ni pengo la kweli la PHP na silifichi. Kwa upande wa maneno ya siri, PHP imekuwa na `password_hash`, amri ya kuyageuza yasisomeke, tangu toleo la 5.5, nayo ni nzuri na nyepesi kutumia. Django inayahifadhi kwa usalama yenyewe. Node ina zana ndani yake, lakini kuziunganisha vizuri ni juu yako. Na kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, usikusanye kwa mgeni taarifa ambayo nyumba haiihitaji.

Tovuti italala wapi

Hapa ndipo uamuzi wangu ulipoelemea PHP, na ningependa ulisome hili polepole kuliko sehemu nyingine.

PHP ilitolewa hadharani mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ikiwa zana za ukurasa wake binafsi. Asili hiyo bado imo ndani yake. Faili ya PHP inakaa kwenye folda ya seva kama faili ya HTML. Ombi likija, inaamka, inafanya kazi yake, inatoa ukurasa, inalala. Ombi linalofuata linaanza upya, halikumbuki lolote la lililotangulia. Ukurasa wa picha ukiwa na kosa, ukurasa wa nafasi unaendelea kufanya kazi. Na kwa sababu haihitaji programu inayokesha, inapatikana karibu kila mahali panapopangishwa nafasi ya tovuti kwa bei ya chini, huku MySQL na phpMyAdmin, ukurasa wa kuisimamia, vikiwa vimeshasimikwa. Kupandisha tovuti ni kunakili faili.

Node na Python huishi kwa namna nyingine. Programu yako inawashwa mara moja na inabaki macho ikingoja maombi. Lazima kuwe na kitu cha kuiwasha seva inapozimwa na kuwashwa tena, kitu cha kuiinua ikianguka, na programu ya seva kama Nginx mbele yake ya kupokea wageni. Baadhi ya wapangishaji wa bei ndogo wanaruhusu Python na Node siku hizi, lakini mara nyingi unajikuta unahitaji seva yako mwenyewe na ujuzi wa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, wa kuitunza.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Niliwahi kuwaandikia manahodha fulani ukurasa wa safari zao kwa Node. Ulikwenda vizuri mpaka nilipoondoka kwenda Faza kwenye harusi. Mtu mmoja akatuma fomu yenye tarehe tupu, mahali ambapo sikuweka ulinzi, na kosa hilo moja likaizima programu yote, kwa kuwa Node ikikutana na kosa lisiloshikwa na yeyote hujifunga. Sikuwa nimeweka kitu cha kuiinua. Mtandao nilikokuwa ulikuwa wa kubahatisha, na ukurasa ukakaa gizani siku mbili, katikati ya msimu. Wale manahodha hawakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kosa lilikuwa langu, si la Node. Lakini nilikuwa nimechagua chombo kinachotaka mlinzi wa kudumu, na mlinzi sikuwa naye.

Kwa hiyo jiulize: nani ataishika tovuti hii ukiwa umeenda chuo Mombasa? Jirani yetu wa Shela hana mtu wa Linux. Ana mwanawe, mwenye simu.

Python inapostahili kushinda

Hata hivyo, kuna siku ningemwambia mpwa wangu achukue Python bila kusita.

Django ilitolewa mwaka 2005, na ilitoka kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ambako waandishi walitaka kurasa zenye hifadhidata zisimame ndani ya saa, si wiki. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini inakuja na jambo ambalo wengi wa wenzake hawana: ukielezea majedwali yako mara moja, inakutengenezea sehemu kamili ya usimamizi, yenye kuingia kwa neno la siri, kutafuta, kuongeza, kurekebisha na kufuta. Kwa maktaba ya madrasa, kwa ushirika wa wavuvi unaoandika mizani kila asubuhi, kwa zahanati yenye rejista ndefu, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa uliyosamehewa. Kwa PHP tupu kila ukurasa wa usimamizi ungeuandika mwenyewe. PHP nayo ina Laravel, mfumo wake wa kujengea tovuti, yenye mengi ya aina hii, lakini kumpa Laravel mtu ambaye bado hajaelewa ombi na jibu ni kumfundisha majina ya vitu asivyoviona.

Flask, iliyotoka mwaka 2010, ni ndogo mno. Tovuti nzima inaweza kukaa kwenye faili moja. Naipenda kwa kufundishia, hasa kwa sababu Python ina SQLite ndani yake na hifadhidata nzima ni faili moja kwenye kompyuta yako. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inatosha kuendelea. Intaneti ikikatika, hukosi kitu. Ukitaka kujifunza tu, bila mteja anayengoja, Flask na SQLite ni njia ya raha. Uangalie tu kwamba ukihamia MySQL, alama ya kuuliza kwenye maktaba nyingi za Python hugeuka `%s`, na kwamba SQLite haisimamii uhusiano wa majedwali mpaka uiagize kwa `PRAGMA foreign_keys = ON`.

Na Python haiishii kwenye tovuti. Anayetaka baadaye kuchambua takwimu za samaki au za mvua atakuta ujuzi wake unamfuata.

Node, kwa ufupi

Ryan Dahl aliileta Node mwaka 2009 kwa sababu seva za wakati huo zilipoteza muda zikingoja faili na hifadhidata. Nguvu yake ni kushika miunganisho mingi iliyo wazi kwa pamoja. Kama unataka ramani inayoonesha mashua zinavyosogea kati ya Mokowe na Amu, au mazungumzo ya papo hapo kati ya mgeni na mapokezi, hapo ndipo mahali pake. Faida ya pili ni lugha moja mbele na nyuma.

Kwa vyumba sita vya Shela, hakuna miunganisho mingi. Kuna fomu. Pia Node inategemea vifurushi vidogo vingi vya msimbo wa watu wengine. Machi 2016 kifurushi kimoja cha mistari 11 kiliondolewa na mwenyewe, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka siku hiyo. Kila unachokipakua kipunguze.

Mitego ya PHP, kwa kuwa ndiyo ninayokupendekezea

Intaneti imejaa masomo ya PHP ya zamani. Ukiona somo linaanza na `mysql_connect` au `mysql_query`, lifunge. Amri hizo ziliondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, na ndizo zilizowazoeza watu kuunganisha maneno ya mgeni ndani ya SQL. Tumia PDO, na anza na PHP 8. Kabla ya toleo hilo, kulinganisha 0 na neno lolote lisilo nambari kwa `==` kulileta jibu kwamba ni sawa; tumia `===` siku zote.

Kwenye MySQL, kwa namna ya kuhifadhi herufi chagua `utf8mb4`. Ile iitwayo `utf8` huko haibebi herufi zote, na mgeni akiweka kikaragosi cha tabasamu kwenye ujumbe wake unaweza kukatika au kukataliwa. Weka saa ya programu kuwa `Africa/Nairobi`, kwa maana seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, na nafasi iliyoandikwa saa saba usiku itasoma tarehe ya jana. Na saa za Kiswahili zibaki kwenye maonesho tu: mashua ya saa moja asubuhi ihifadhi 07:00, kisha ukurasa ndio useme saa moja.

Kuhusu MySQL na MariaDB, usipoteze usiku kuchagua. MariaDB ilichipuka kutoka MySQL mwaka 2009 na kwa kazi hii zinafanana; chukua iliyopo kwa mwenye seva. PostgreSQL ni imara sana na ina vizuizi vya tarehe zinazogongana ambavyo MySQL haina, lakini kwenye nafasi za kupangisha za bei ndogo huikuti mara nyingi.

Mpwa wangu alichukua PHP. Usiku wa kwanza alisimika XAMPP, kifurushi chenye PHP, hifadhidata na phpMyAdmin kwa pamoja, kwenye laptopu yake, akaunda jedwali lile, akaandika chumba cha 3 tarehe 24 Desemba, kisha nikamwambia aandike safu ileile tena. phpMyAdmin ikamrudishia rangi nyekundu na kosa nambari 1062, la kujirudia. Aliitazama kwa muda, kisha akachukua simu akampigia mwenye nyumba wa Shela kumwambia kompyuta imekataa.